Majina Yaliyokosekana Kwenye Daftari Letu

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Houston, Texas, mwanzoni mwa Juni. Nimepunguza marudio, mengine nimeyaacha kama yalivyonitoka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za mchana. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu. Na nyie watoto mliokaa mstari wa nyuma, simu mapajani, najua mnanisikia.

Mwenyekiti amenipa dakika 20 na amenionya kwamba pilau inapoa. Nitajitahidi.

Nimekuja na hili kauntabuku. Wengi mnalijua, na wengine mnaliogopa. Ni la kwaya mbili, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Mdogo wangu alinitumia kutoka Tanga, maana madaftari ya hapa niliyaona madogo kuliko shida zetu. Tangu 2009 mmenifanya mweka hazina, na kila senti iliyochangwa imeandikwa humu kwa mkono. Hapa kuna msiba wa Machi 2011, mwili ulisafirishwa hadi Tabora: dola 100, dola 50, dola 20, "ameahidi", dola 30, "ameahidi", "ameahidi". Nasikia kicheko huko. Walioahidi wengine wamo humu ndani, na majina ninayo.

Sheria ya daftari hili haijaandikwa popote, lakini hakuna asiyeijua. Aliyekuchangia ukifiwa, naye akifiwa unamchangia, tena usishuke chini ya pale alipofika yeye. Kwa hiyo leo nikisema tunadaiwa, mjue nasema kama mweka hazina.

Kuna maneno ambayo kila nyumba humu inayajua. Huwa tunayasema ndani ya gari, vioo vimepandishwa, mtoto kiti cha nyuma: "Usijichanganye na wale." Hatuwataji, na mtoto haulizi ni kina nani. Ni watoto weusi wa hapa, vitukuu vya watumwa, ambao shuleni anakaa nao meza moja. Wengine tunaongeza chumvi: wale hawapendi shule, wale wanangoja serikali, sisi tumekuja kutafuta. Mimi nimeyasema hayo mara nyingi, tena kwa Kibondei ili yasivuje.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 2006 tuliingia hapa watu wanne: mimi, mume wangu, binti wa miaka mitano na mvulana wa miaka miwili. Tulipata kwa bahati nasibu ya viza. Tuliuza kiwanja ili tulipie viza, vipimo na tiketi. Kule nilikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, Muheza. Nilipokwenda kumwandikisha binti shule nikapewa fomu, na kwenye fomu kuna swali la mbari: mweupe, mweusi au Mmarekani wa asili ya Afrika, Mwasia, na kadhalika. Nikasoma juu mpaka chini, chini mpaka juu. Mwisho nikaona pameandikwa "nyingine", pana mstari mtupu. Nikaandika kwa hati nzuri ya kiualimu: Mtanzania.

Yule karani wala hakuwa mkali. Alinitazama, akamtazama mtoto, akachukua kalamu yake ya bluu, akakata neno langu kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia tiki kwenye "mweusi". Kisha akanirudishia fomu niweke sahihi.

Kule kwetu mtu akikuuliza wewe ni nani, anatafuta kabila. Na mara nyingi anatafuta kabila ili ajue kama wewe ni mtani wake, akuibie kofia msibani bila ugomvi. Rangi yangu niliijua kama ninavyoujua urefu wangu: nipo hivyo, basi. Siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba hapa kuna jina nimepewa na sikuulizwa. Na nilichofanya baada ya hapo, kwa miaka, ni kujitahidi kulivua. Niliweka bendera kwenye gari. Nilikuwa nakoleza lafudhi yangu makusudi nikiingia dukani, nisidhaniwe mtu wa hapa. Msicheke, kuna kina mama humu tuliokuwa tunafanya pamoja.

Kazi niliyoipata ilikuwa usaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya usiku, dola 8 na senti 50 kwa saa. Cheti changu cha ualimu kilikaa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Mume wangu, mhasibu wa halmashauri, alikuwa anapiga boksi kwenye ghala. Nyumbani walidhani yuko ofisini, maana picha aliyotuma alipigwa na tai, kwenye maegesho.

Usiku mmoja mzee mmoja mweupe alikataa nimguse. Alikuwa amelowa, pampasi imejaa, anatetemeka kwa baridi, lakini mkono wangu hautaki. Akaniita lile neno la kumtusi mtu mweusi. Nilijibu kwa adabu kwamba mimi si Mmarekani mweusi, mimi natoka Afrika. Nadhani nilitegemea aseme, "Ah, samahani, sikujua." Akalirudia neno, kwa sauti ya juu zaidi.

Aliyekuja kuniokoa ni mama mmoja wa Third Ward, mtaa wa hapa Houston, Mmarekani mweusi, wakati huo amefika miaka 60 na ushee, kazini pale kwa miaka mingi. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, akalipenda. Akanisogeza pembeni, akambadilisha yule mzee haraka haraka huku anamtania, akatoka, akanawa mikono, akaniuliza: "Ulimwambia nini?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, bila hasira kabisa: "Kwa hiyo ulikuwa unamwelekeza kwangu."

Miaka hii yote sijapata jibu la maneno hayo.

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kusoma slipu yangu ya mshahara, mstari kwa mstari, tukakuta saa za ziada hazikulipwa. Ndiye aliyeniambia kwamba nchi hii mtu asiye na deni haaminiki, nichukue kadi ndogo ya mkopo, nijaze mafuta tu, nilipe kabla ya tarehe. Nyie mnaonunua nyumba leo na kusema ni juhudi zenu, wengi elimu hiyo mliipata kwangu, na mimi niliipata kwake. Jina lake halimo humu. Nimepekua.

Nikaanza kujiuliza ni kina nani wengine hawamo. Hapo ualimu ukanirudia, nikaanza kusoma.

Nianze na nyie Wakenya. Mwaka 1959, Kenya bado ni koloni, Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wetu. Vyuo vikatoa nafasi, lakini nauli? Ikaandikwa barua ya kuomba mchango. Waliotia sahihi ni Harry Belafonte, mwimbaji, Sidney Poitier, mwigizaji, na Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi kwenye ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Watatu weusi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mpaka 1963 walikuwa wamefika karibu 800. Wangari Maathai alikuja kwa mpango huo mwaka 1960, akasoma Kansas. Sasa fikirini: mwaka huohuo wa 1960, hapahapa Houston, tarehe 4 Machi, wanafunzi weusi wa Texas Southern University walitembea kwa miguu mpaka supamaketi ya barabara ya Almeda, wakakaa kwenye viti vya kaunta ya chakula ambavyo mweusi haruhusiwi kuvikalia. Watu ambao kwao kiti cha kaunta ni vita, wanatuchangia sisi nauli ya ndege.

Na sisi wengine tuliokuja baadaye? Mwaka 1924 Marekani ilitunga sheria ya kuwagawia wahamiaji nafasi kwa mataifa. Katika mgao wa kwanza Ujerumani ilipata nafasi 51,227 kwa mwaka. Uingereza pamoja na Ireland ya Kaskazini, 34,007. Bara zima la Afrika, ukiitoa Misri, 1,100. Hesabu ya namna hiyo iliendelea kwa miaka 40 na zaidi. Iliondolewa 1965, na mwaka huo utazameni vizuri. Machi 7, watu weusi walioandamana kudai kura walipigwa marungu pale kwenye daraja la Selma, Alabama. Agosti 6, Rais Johnson akasaini sheria ya haki ya kupiga kura. Oktoba 3 akasaini sheria ya uhamiaji, chini ya Sanamu ya Uhuru. Ni Bunge lilelile. Kutoka kile kipigo mpaka sahihi ile haifiki miezi saba. Nchi iliyolazimishwa kukubali kwamba haiwezi kuwapima raia wake kwa rangi iliona aibu kuendelea kuwapima wageni kwa kwao. Wenye kichwa kilichopasuka darajani walikuwa wanadai kura yao, hawakutujua sisi. Lakini mlango ulifunguka, na tuliopita ni sisi.

Bahati nasibu yenyewe, msiipe utukufu sana. Ilitungwa na sheria ya mwaka 1990, na waliopigiwa debe zaidi walikuwa watu wa Ireland. Sisi tulijaza fomu tukashinda. Ndivyo Mungu anavyopanga.

Halafu kuna hili la kujisifu. Ni kweli, wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara tuna digrii nyingi: kati ya watu wazima 100, takribani 40 wanayo ya kwanza au zaidi, tunawapita Wamarekani kwa jumla. Tunalisema hilo kwenye kila harusi. Lakini bahati nasibu ilikutaka uwe na elimu ya sekondari au miaka miwili ya kazi ya ujuzi, na ukishashinda uwe na pesa ya viza na ndege. Aliyebaki Muheza bila kiwanja cha kuuza hayumo kwenye hesabu. Umechukua watu waliokwisha kuchujwa, ukawalinganisha na watu wa mtaa mzima, wagonjwa, wazee na waliofungwa, halafu unasema siri ni malezi. Kama mwalimu wa sayansi, jaribio hilo ningelipa sifuri.

Ndugu zetu wa Kongo wanalielewa hili kuliko sisi. Wao hawakuchujwa kwa vyeti. Wengi walitoka kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996; kuna mtu humu ameingia akiwa mtoto wa mgongoni akatoka na watoto wake. Mwaka wa hesabu wa 2016 wakimbizi wa Kongo waliopokelewa Marekani walikuwa zaidi ya 16,000, wakaongoza nchi zote. Walipofika walishikwa mkono kwa siku 90. Baada ya hapo kodi ilikuwa yako, na nauli ya ndege iliyokuleta ilikuwa mkopo, unailipa kidogo kidogo. Mtu anashuka uwanjani na mabegi ya plastiki na deni. Na amepangiwa kuishi wapi? Jirani na "wale". Wamejichanganya tangu siku ya kwanza, na wamepata majirani wa kuwaonyesha basi linapita wapi.

Mwenyekiti anaangalia saa. Namwona.

Nina habari moja kuhusu kijana wangu. Mwaka 2021 alikuwa na miaka 17, amepata leseni, amenunua gari bovu. Nikamkalisha mezani nikampa maelekezo yale ambayo kila mama mweusi hapa anayatoa: mikono juu ya usukani, usichomoe kitu, sema "ndiyo bwana". Mwishoni nikaongeza la kwangu: "Na umwambie mapema kwamba wewe ni Mtanzania." Akacheka. Akasema, "Mama, atanisikiaje kabla hajaniona?"

Nikakumbuka niliyosoma juu ya balozi wa Chad, Adam Malick Sow. Juni 1961 alikuwa njiani kutoka New York kwenda Washington, kwenye barabara namba 40, jimbo la Maryland. Akasimama mgahawani anywe kahawa. Akafukuzwa. Gari la kibalozi, suti, hati zote anazo. Mwanamke wa mgahawa alipoulizwa baadaye, alijieleza kwamba hakuweza kujua yule ni balozi. Yeye aliona mweusi wa kawaida tu. Wanadiplomasia wa Afrika walinyimwa huduma sana kwenye barabara ile mpaka serikali ya Kennedy ikaingilia. Na msisahau Amadou Diallo, kijana wa Guinea, miaka 23, mchuuzi wa New York. Usiku wa Februari 4, 1999, mlangoni kwake, polisi wanne walimfyatulia risasi 41, zikampata 19. Mkononi alikuwa na pochi. Waliomuua waliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Pochi ile ilikuwa na vitambulisho vyake, lakini nani alivisoma?

Nyie watoto wa nyuma, naona mmeinua vichwa.

Sitaki kusema uongo wa upande wa pili. Watoto wetu waliumizwa pia na watoto weusi wa hapa. Binti yangu aliitwa "mla nyani". Aliulizwa kama kwao kuna nguo. Alirudi nyumbani akaniomba nisimpe tena chapati na maharage, nimpe mkate wa kukatwakatwa kama wenzake. Nilipomhadithia Bi Mkubwa, hakuwatetea. Alisema na wao walipokuwa wadogo picha pekee za Afrika walizoziona zilikuwa za Tarzan, na kwamba aliyetuchorea sisi picha za wao aliwachorea na wao picha za sisi. Basi, tukarudi kazini, maana kengele za wazee zilikuwa zinalia.

Siku nyingine nilimuuliza swali la kipumbavu. Nilimuuliza kwa nini familia yake imekaa hapa miaka yote na haina mali, wakati sisi kwa miaka minane tumeanza kutafuta nyumba. Hakunitukana. Alinihadithia babake, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Pili na magwanda, akaenda kuomba mkopo wa nyumba waliokuwa wanapewa askari wote. Serikali ilikuwa inaudhamini, lakini benki ndiyo inayotoa, na benki ilimtazama usoni. Nilikwenda kusoma. Jimbo la Mississippi, mwaka 1947, mikopo ya askari iliyodhaminiwa namna hiyo ilikuwa 3,229. Iliyowafikia weusi ni miwili. Rudieni hesabu hiyo taratibu: miwili. Na ramani za miji zilizochorwa na serikali miaka ya 1930 zilipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, kwamba hapa pesa isiingie. Nyumba ambayo babake hakuinunua ndiyo ambayo yeye hakuirithi, na ndiyo iliyomfanya awe pale shifti ya usiku akiwa na umri wa miaka 60 na ushee, ananifundisha mimi kupata mkopo ambao sheria ya mwaka 1968 ya kukataza ubaguzi wa nyumba iliniwekea tayari. Tulipata nyumba 2015. Alikuja na keki ya viazi vitamu.

Sasa nafika kwenye ombi langu, na nimeshaliongelea na kamati.

Tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza pale Galveston, mwendo wa saa moja kutoka tulipokaa, kwamba watumwa wa Texas wako huru. Ilikuwa miaka miwili na nusu tangu Rais Lincoln atoe tamko lake la kuwaachia huru. Watu wale walioachiwa mikono mitupu walitaka mahali pao pa kuadhimisha siku hiyo. Unajua walifanya nini? Walichanga. Mwaka 1872 wakanunua ekari 10 hapa Houston. Ndiyo Emancipation Park, ipo Third Ward, ipo mpaka leo. Nilipolisoma hilo nilitaka kumpigia mtu simu. Watu wametoka utumwani miaka saba, wamekaa chini, wameandika nani ametoa ngapi, na bila shaka kulikuwa na "ameahidi". Mimi watu hao nawajua. Ni sisi.

Kila mwaka siku hiyo sisi tunachukua shifti, kwa sababu tangu 2021 ni sikukuu ya taifa na kuna waajiri wanaolipa zaidi. Mwaka huu naomba tusichukue, twende pale Emancipation Park. Kamati imekubali tutoe dola 500 kutoka mfukoni mwetu kwenye chakula cha wazee wa mtaa, na nitaandika humu, ukurasa mpya. Kina mama wa Tanga na Mombasa wanapika mahamri na mbaazi. Wakongo wamesema wanaleta sombe, na mimi nimewaambia waongeze, maana sisi wenyewe tutaimaliza kabla ya wageni.

Bi Mkubwa atakuwepo. Ana miaka 80, anatembelea fimbo, atakaa mstari wa mbele chini ya mti, na kofia ya njano. Nyie watoto mkifika mpitieni kwanza yeye, mumpe shikamoo, msimpungie mkono tu kwa mbali. Ataitika marahaba, nilimfundisha. Anaivuta kidogo kwa Kiteksasi, lakini anaitika.

Maegesho pale ni tabu. Mje kabla ya saa nne.